Mzee wa Reli katika Kijiji Kisicho na Reli

Bungu haina reli, na haijawahi kuwa nayo. Ukipanda basi Mbagala, ukapita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani, utafika Bungu kabla ya Kibiti, na njia nzima utaona mikorosho, minazi na mihogo. Ndiyo maana tulipokuwa watoto tulishangaa kwa nini wazee wa pale walimwita babu yetu "Mzee wa Reli". Reli gani, mbona hatuioni?

Aliondoka kijijini mwaka 1971, kijana wa miaka ishirini na kitu, baada ya kuandikisha jina lake kwenye ofisi ya TANU. Alichoambiwa ni kwamba Mwalimu anajenga reli kwenda Zambia na vijana wanatakiwa. Mengine aliyajua baadaye.

Mengine yenyewe ni haya. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini kwenda bandarini. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wao Rhodesia, na Zambia ikajikuta inategemea njia inayopita kwa mahasimu wake. Nyerere na Kaunda walitaka njia ya kutokea Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikataa kutoa fedha. China ikakubali, na mkataba ukasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kazi ilipopamba moto, mwaka 1972, inakadiriwa walikuwapo Watanzania na Wazambia 38,000 na Wachina 13,500.

Babu alikuwa mmoja wa hao 38,000. Walimpeleka kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapoacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda milima. Kwenye kipande hicho ndiko yaliko mahandaki mengi ya reli nzima. Yeye mtoto wa Rufiji, aliyezoea nchi tambarare na mto unaojaa na kupungua, akakutana na baridi na miamba. Alibeba kokoto, akapanga mataruma ya zege. Msimamizi wao Mchina hakujua Kiswahili, nao hawakujua Kichina. "Anashika yeye kwanza, halafu unashika wewe," alisema Babu. "Ukikosea anacheka, anashika tena."

Reli ilipokwisha, yeye alibaki. Akawa mtu wa genge la matengenezo: kutembea kwa mguu kwenye kipande chake, nyundo mkononi, kukaza kilicholegea kabla treni haijapita. Aligonga na kusikiliza. Alisema chuma kizima kinalia, kilicholegea kinakohoa.

Alistaafu mwaka 2006 akarudi Bungu. Huko akatukuta sisi wajukuu watano, wazazi wetu wakitafuta maisha Dar, na Bibi akiwa amechoka. Basi akatuchukua kama alivyochukua kipande chake cha reli. Alfajiri anagonga milango, mmoja mmoja. Anatusindikiza shule, saa yake ya mkononi ikiwa imewekwa dakika tano mbele. Jioni anakagua madaftari ingawa hesabu zetu nyingi hakuzielewa. Mimi, kama ilivyo kwetu Pwani, aliniita mke wangu, na Bibi akajifanya ana wivu. Nilipokwenda chuo, kila likizo nilimkuta stendi ya Bungu ananisubiri, hata basi likichelewa saa tatu.

Mwaka 2016, reli ilipotimiza miaka 40 tangu ikabidhiwe, niliandika makala ndefu gazetini. Nilijivunia sana. Nikaenda nayo Bungu, nikamsomea mwenyewe barazani, maana macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Ilikuwa na Nyerere, Kaunda, Mao, mkopo usio na riba, tani za mizigo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, mke wangu," akasema. "Sasa koleo alishika nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaanza kunisimulia. Alijua makaburi ya Wachina pale Gongo la Mboto, alijua kwamba Xi Jinping alifika kutoa heshima Machi 2013, na hakuwa na kinyongo. Alisema wale wamepewa haki yao, wamekufa mbali na mama zao. Kisha akataja vijana wawili wa genge lake, mmoja wa Ikwiriri, mwingine wa Mahenge, walioangukiwa na mwamba. Aliwataja kwa majina kamili, jina la mtu na la baba yake. Kalamu ilikuwa kwenye mkoba, simu yenye kinasa sauti mkononi. Sikuandika wala sikurekodi. Niliona ni maongezi tu ya babu na mjukuu, nikamwambia, "Pole, Babu."

Alifariki mwaka 2023. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, ikasainiwa Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli ile ile. Chumba cha habari kikaniomba niandike tena. Nilikaa mbele ya kompyuta, viongozi wote nawajua kwa majina na vyeo. Wale vijana wawili, hapana. Nilimpigia Bibi. Anakumbuka kwamba mmoja alikuwa hodari wa kuimba, basi.

Kama nyumbani kwako yupo mzee aliyefanya kazi reli, bandarini, au kwenye shamba la mkonge, usimuulize tu habari za Mwalimu. Muulize alifanya kazi na nani, kisha uandike.

Jina la Babu lipo, limeandikwa kwenye kibao cha kaburi lake chini ya mkorosho, Bungu. Majina ya wale wawili bado nayatafuta.