Malipo ya Zamu: Pakruok na Biashara ya Mchezo wa Maneno Nyanza Kusini

Katika eneo ambalo leo limegawanyika kuwa kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya, na ambalo wenyeji wengi bado huliita Nyanza Kusini, kuna mchezo wa maneno ambao mchezaji wake hulipa fedha ili apate nafasi ya kusema. Mchezo huo ni pakruok, yaani sanaa ya Waluo ya mtu kujisifu, au kuwasifu marafiki, wakwe na ukoo wake, mbele ya watu waliokusanyika kusikiliza muziki. Muziki ukiwa umepamba moto, mtu huinuka, hutoa sarafu au noti, ala hunyamazishwa, na kwa muda mfupi uwanja wote huwa wake. Pakruok huelezwa mara nyingi kama kipengele cha muziki au cha ushairi simulizi, na maelezo hayo ni sahihi, lakini fedha zinazoiendesha huonwa kama jambo la kando. Makala haya yanashikilia kwamba malipo ni kanuni ya ndani ya mchezo wenyewe, na kwamba anayeielewa kanuni hiyo ana jibu la swali linalowatatiza waandishi wa michezo ya kompyuta katika sehemu nyingi za dunia: je, ni haki kutoza fedha kwa mchezo wa maneno uliotengenezwa kwa zana ambazo hazikununuliwa?

Ala inayohusishwa zaidi na pakruok ni nyatiti, ambayo ina nyuzi 8 na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji wake, ambaye kwa Kiluo huitwa jathum, huketi juu ya kigoda kifupi karibu sana na ardhi, akiwa amefunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo huigonga ala na kuweka mdundo huku vidole vya mikono vikishughulika na nyuzi. Hapo zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe, na baadaye mahali pake pakachukuliwa na uzi wa nailoni, uleule unaotumiwa na wavuvi wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo, karibu kila kilichohitajika kuiunda nyatiti kilitoka kwenye mti, kwenye zizi au ufukoni. Hapakuwa na kiwanda kilichoiuza wala mtu mmoja aliyemiliki namna ya kuiunda, na kila fundi alijifunza kwa kumtazama mwingine. Lugha ya Kiluo, ambayo ndiyo zana kubwa kuliko zote katika pakruok, haikuwa na mwenyewe pia. Hata hivyo, hakuna aliyeona ajabu jathum kupokea malipo. Alialikwa kwenye matanga, kwenye sherehe za ndoa na kwenye mikusanyiko ya pombe, na alitarajiwa kuondoka na kitu.

Utaratibu wa mchezo unastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo hoja yote. Anayetaka kujisifu hulipa kwanza. Baada ya kulipa husema, na usemi wake haufanani na mazungumzo ya kawaida: hujitambulisha kwa jina la fumbo, hujifananisha na mnyama, na mto au na chombo, hutaja alikozaliwa mama yake au alikooa, na humwita mpenzi au mkewe kwa kiambishi cha heshima cha binti wa ukoo fulani, kwa mfano Nyar-Kadem au Nyar-Kanyamwa. Majina ya koo na maeneo kama Kabuoch, Karachuonyo, Karungu, Sakwa, Suna na Kamagambo huwa ramani inayoburudisha masikio. Akimaliza, jathum huuanza tena muziki, na kama ni mahiri hulipokea jina lililotajwa akalitia ndani ya wimbo papo hapo. Ndipo mwingine, aliyehisi kwamba ukoo wake umepitwa au kwamba fumbo lililosemwa lilimlenga yeye, anapoinuka na kulipa ili ajibu. Fedha, kwa hiyo, hazinunui maneno, kwa sababu maneno mlipaji amekuja nayo mwenyewe. Hazinunui ala, wala hazinunui wimbo, ambao kila aliyehudhuria anausikia bila kulipa chochote. Kinachonunuliwa ni zamu, pamoja na masikio ya watu na ustadi wa fundi anayeishikilia nafasi hiyo mpaka mlipaji amalize.

Wasomaji wa Kiswahili wanalo jambo linalokaribiana na hili katika vitendawili, ambapo aliyeshindwa kufumbua huombwa mji, naye hutaja mji mmoja baada ya mwingine mpaka mtegaji aridhike na kutoa jibu. Mji huo ni malipo ya kubuni, lakini ni malipo, na mchezo haukamiliki bila huo. Tofauti ni kwamba katika pakruok malipo ni ya kweli na hutolewa kabla ya neno.

Bila shaka utaratibu huu haukuwa na sura ileile katika nyakati zote, kwa kuwa fedha zenyewe zina historia fupi katika nchi hiyo. Utawala wa Uingereza ulianza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kodi hiyo iliwalazimu wanaume kutafuta ajira ya mshahara. Rupia iliyotumika wakati huo ilifuatwa na florini ya muda mfupi, kisha 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, pamoja na sarafu za senti zilizotobolewa katikati. Sarafu ndogo kama senti 10 zilifaa sana kwa mchezo unaodai malipo madogo yanayorudiwa usiku kucha, jambo ambalo kuku au mbuzi hawezi kulifanya. Aliyerudi nyumbani kutoka kazi ya reli, kutoka mashamba ya chai ya Kericho, au kutoka machimbo ya Macalder huko Migori ambayo yalianza kushamiri katika miaka ya 1930, alikuwa na sarafu mfukoni na alikuwa na sababu ya kutaka jina lake lisikike baada ya miezi mingi ya kutajwa kwa namba ya kipande chake cha kazi tu.

Upinzani ulikuja kwa njia mbili. Serikali, kwa sheria ya mamlaka ya wenyeji ya 1912, iliwapa machifu uwezo wa kuzuia utengenezaji wa pombe, na palipozuiwa pombe palipungua pia mikusanyiko ambayo jathum aliitegemea. Misheni nazo ziliiona mikusanyiko hiyo kuwa kinyume cha maisha ya Kikristo. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, na mwaka 1913 walianzisha hapo kiwanda kidogo cha uchapaji, ambacho kilikuwa miongoni mwa chemchemi za maandishi ya Kiluo. Hapa pana jambo la kusisimua kwa mwanahistoria: pwani ileile ya ziwa ambako waumini walifundishwa kujitenga na ngoma ndiko kulikotoka mtu aliyeandika kwa makini sana juu ya mila za Waluo. Paul Mboya, Mwadventista aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha mwaka 1938 kitabu cha *Luo Kitgi gi Timbegi*, kinachoeleza desturi na mwenendo wa Waluo kwa lugha yao wenyewe. Kitabu kilikuwa na bei, na aliyekinunua alilipia maneno ambayo wazee wake walikuwa wakiyasema bure nyumbani, bila mtu kulalamika kwamba Kiluo si mali ya mwandishi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili santuri zilibadilisha uhusiano wa neno na malipo kuliko sheria yoyote. Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mengi, na katika miongo miwili iliyofuata wapiga gita wa Kiluo waliuunda mtindo wa benga, ambao nyuzi zake hudonolewa kwa namna inayoikumbusha nyatiti. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania wa mpaka ulio kusini mwa Migori, aliiongoza Shirati Jazz na kuwa miongoni mwa majina makubwa ya mtindo huo hadi alipofariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Nyimbo za benga zimejaa majina ya watu, vijiji vyao na mama zao, na desturi ya mfadhili kumlipa mwanamuziki ili atajwe ilihamia studioni. Lakini hasara ilikuwapo, na inafaa isemwe waziwazi: sifa iliyokwisha kurekodiwa haiwezi kujibiwa. Aliyetajwa hubaki peke yake kwenye santuri milele, na mpinzani wake hana pa kuweka sarafu yake. Neno lilipata maisha marefu, mchezo ukapoteza nusu yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kadi za salamu za redio ya taifa, ambazo msikilizaji alizinunua, akazijaza majina, kisha akasubiri yasomwe hewani. Ohangla, muziki wa ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, umeirudisha zamu mahali pake, kwa kuwa huchezwa mbele ya watu na majibu hutolewa palepale. Na tangu M-Pesa ianzishwe mwezi Machi 2007, malipo yenyewe yanaweza kutumwa kwa simu.

Kwa mtazamo huo, mjadala juu ya michezo ya maandishi unaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko kompyuta. Mchezo wa maandishi ni programu inayomsimulia mchezaji hali fulani kwa maneno, kisha humpa zamu ya kuandika amri au kuchagua njia, na hadithi huendelea kwa kutegemea jibu lake. Mchezo wa kwanza uliovuma wa aina hiyo, *Adventure*, uliandikwa na Will Crowther nchini Marekani karibu 1976 na kupanuliwa na Don Woods mwaka uliofuata, nao ulisambaa vyuoni bila malipo. Kampuni ya Infocom, iliyoundwa 1979, iliigeuza sanaa hiyo kuwa biashara, lakini ilifungwa miaka 10 baadaye. Mwaka 1993 Mwingereza Graham Nelson alitoa Inform, zana ya bure ya kutungia michezo kama ile ya Infocom, na wapenzi waliojifunza kwayo walizoea kutoa kazi zao bure, mpaka kutoza kukaanza kuonekana kama kuivunja heshima ya zana. Mazoea hayo hayakuwa sheria. Andrew Plotkin alipoomba michango ya umma mwaka 2010 kwa ajili ya *Hadean Lands*, mchezo alioutunga kwa Inform, alipata zaidi ya dola 31,000.

Leseni za zana nazo hazifanani, na mwandishi anapaswa kuzisoma. Twine, iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, inamruhusu mtunzi kuuza hadithi aliyoitunga kwayo, kwa kuwa masharti ya programu huria yanahusu msimbo wa zana na hayaigusi kazi ya mtumiaji. ChoiceScript, kinyume chake, hutolewa bure kwa kazi isiyouzwa tu, na anayetaka kuuza hulazimika kuafikiana na wenye zana. Baadhi ya masoko ya intaneti humruhusu mnunuzi aamue mwenyewe atoe kiasi gani, njia ambayo hadhira ya pakruok imeifuata kwa vizazi kadhaa. Kijana wa Rongo au Mbita atakayetunga kwa Twine mchezo wa kujibizana kwa sifa za koo hatakuwa amemwibia Klimas chochote akiuuza, kama vile jathum hakumwibia aliyemfundisha kuwamba ngozi.

Deni lake liko kwingine, kwa jamii iliyoilea sanaa hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za kifasihi, kwa hiyo maandishi ya mtunzi yanalindwa kama yake. Lakini sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye haki katika sanaa ya aina ya pakruok, na inazipa serikali za kaunti wajibu katika usajili wake. Iwapo Homa Bay na Migori zitaisajili, haitatosha kuorodhesha majina ya sifa na mafumbo yaliyokusanywa kutoka kwa wazee. Usajili utapaswa kueleza nani hulipa, hulipa wakati gani, jathum huupokeaje usemi, na kwamba kila aliyetajwa ana haki ya kulipa naye ajibu, kwa sababu mchezo ulioandikwa bila kanuni hizo utakuwa mchezo mwingine.