Mashimo Mawili

Kila siku saa nane mchana, dunia ninayoishi huzimwa. Naongea kuhusu EVE Online, gemu ya anga iliyozinduliwa na kampuni ya CCP ya Iceland tarehe 6 Mei 2003. Seva yake iko London, na kila siku huzimwa kwa dakika chache ili isafishwe. Huko kalenda ya gemu inasema saa tano asubuhi. Huku kwetu Pioneer, Eldoret, ni wakati ambao nyanya ananiuliza kama leo pia sitakula kama watu wengine.

Nyanya haelewi hii gemu, na simlaumu. Niliacha chuo mwaka wa pili, sasa naandika makala za watu kwa malipo ya vipande vipande, na usiku naendesha meli ya anga kwa laptopu yenye kibodi iliyong'oka herufi mbili. Ukimwambia mtu mzima kwamba unafanya utafiti wa historia ndani ya gemu, anakuangalia tu. Lakini nataka kukuambia kitu ambacho gemu hii ilinifunza kuhusu Uasin Gishu, na ilinifunza siku iliponikasirisha kuliko siku zote.

Hebu kwanza nikupe stori yenyewe. Katika EVE, binadamu wa zamani walipata tundu la asili angani, wakalipitia, wakatokea upande wa pili wa ulimwengu wakapaita New Eden. Wakajenga makoloni. Halafu tundu likajifunga. Makoloni yakakatwa na kwao, mengi yakafa njaa na giza, na machache yaliyobaki yalijikongoja maelfu ya miaka hadi yakawa himaya: Amarr, Caldari, Gallente na Minmatar. Kila himaya ina hadithi yake ya nani alianza kupaa, nani alimtumikisha nani. Amarr waliwafanya Minmatar watumwa kwa karne nyingi, na ukiwauliza wachezaji wa pande hizo mbili utadhani jambo lilitokea juzi.

Mnamo Machi 2009 waliokuwa wanacheza walifunguliwa kitu kipya: matundu ya anga yanayotokea na kupotea, mengi hayadumu hata siku mbili. Ukipita unaingia mfumo wa nyota usio kwenye ramani. Wachezaji huziita sehemu hizo mashimo tu, na wako wanaoishi humo miaka na miaka. Ndani yake kuna magofu ya watu waliotoweka, Sleepers, pamoja na ya wengine wa kale wanaoitwa Talocan. Wenyewe hawapo. Zimebaki roboti zao zinazolinda majengo matupu, na vipande vya vyuma vyenye maelezo ya mistari miwili mitatu.

Kwa mistari hiyo, watu wamejenga nadharia za kukesha. Je, Sleepers walilala kwa hiari wakaacha akili zao ziishi ndani ya mashine? Je, ni ndugu wa Jove, ile himaya iliyokuwa na maarifa kuliko zote ikaugua na kujificha? Nimekaa usiku mzima na jamaa mmoja wa Poland na dada mmoja wa Brazil tukibishana kuhusu neno moja lililoandikwa kwenye kifaa kilichovunjika. Raha yake ni kwamba hakuna anayeumia. Ukikosea, unakosea tu.

Kuna kitu kimoja kuhusu mashimo ambacho lazima ukijue. Sehemu nyingine za gemu, ukiingia mfumo wa nyota unaona orodha ya kila mtu aliyemo. Ndani ya shimo, orodha haionyeshi mtu hadi yeye mwenyewe aandike neno. Kwa hiyo kila shimo linaonekana tupu. Unaingia, unaona jina lako peke yako, moyo unatulia. Hilo ndilo kosa linaloua wageni.

Sasa twende Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Nilikuwa ndani ya shimo na meli iliyonichukua miezi mitatu kuinunua kwa pesa za gemu, napigana na roboti za Sleepers. Orodha ilionyesha jina langu tu. Ghafla kila kitu kikaganda. Nikadhani ni bando imeisha. Nikakagua, bando iko. Nikazima simu nikaiwasha. Nikatoka nje kumuuliza jirani, naye akaniuliza mimi. Baadaye tukajua: kebo mbili za chini ya bahari zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ilikuwa inapumulia kwa mrija mwembamba.

Katika EVE, meli ikipigwa imepigwa. Hakuna kurudia. Niliporudi usiku nilikuta nimezindukia kituoni, nje kabisa ya shimo, ndani ya mwili mpya, na ujumbe mmoja unanisubiri: ripoti ya kifo. Inaandika saa, dakika, jina la mfumo, aina ya meli, thamani yake, nani alikupiga na kwa silaha gani. Watu watatu walikuwa humo muda wote. Ripoti ilikuwa kweli tupu, kila tarakimu. Lakini haikusema kebo. Ukiisoma leo utaona mjinga mmoja aliyesimama katikati ya vita bila kusogea.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza ni ripoti ngapi nimeshawahi kusoma za namna hiyo, za kweli na bado zinadanganya.

Hapo ndipo nikarudi nyumbani.

Mji wetu wazee bado huuita Sisibo, kutokana na namba 64 kwa Kiingereza. Serikali ya kikoloni ilikata uwanda huu vipande vya mashamba ikavipa namba, na mwaka 1910 posta ikawekwa kwenye shamba namba 64. Mwaka 1912 mji ukapewa jina Eldoret, kutoka neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani wetu huu. Kabla ya hapo, mwaka 1908, Makaburu zaidi ya 200 wakiongozwa na Jansen van Rensburg walikuwa wamepanda kutoka Nakuru na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Na kabla yao kulikuwa na mpango ambao wengi wetu hatukufundishwa shule: mwaka 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Wazayuni wa Ulaya wazo la kuhamishia Wayahudi kwenye uwanda huu wa Uasin Gishu. Wakauita Mpango wa Uganda, ingawa wakati huo ardhi hii ilikuwa imeshahamishwa kutoka Uganda. Wakatuma wajumbe watatu kuja kukagua, na mwaka 1905 kongamano lao likakataa.

Angalia mwendo wa mambo. Watu wako London na Basel wanagawana mahali nilipozaliwa, na neno linalowawezesha ni moja: tupu. Uwanda ni mtupu, hauna wenyewe. Walitazama orodha, hawakuona jina.

Na kweli ukitembea uwandani mwaka ule ungeona nyumba chache. Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina la kaunti ni lao, walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19, vingine na Wamaasai wenzao, vingine na Wanandi. Waliobaki walitawanyika. Wanandi na majirani zao walipitisha ng'ombe humo kwa msimu. Kisha tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akauawa kwenye mkutano aliodhani ni wa amani, na Wanandi wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa. Miaka mitatu baadaye magari ya Makaburu yakafika. Ukisoma ripoti unaona ardhi tupu na watu wanaoanza maisha. Vita vilivyoiweka tupu haviko kwenye mstari huo. Kebo haikuandikwa.

Na jina la mtaa wetu ni Pioneer, mtu anayefika wa kwanza. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza wa kwanza kati ya nani.

Rafiki yangu mmoja ana kogo wake, bibi yake mzaa baba, upande wa Moiben. Mwaka huo wa meli yangu alinipeleka kusalimia. Baada ya mursik na maswali kuhusu kama nimeoa, kogo akatuonyesha nyuma ya boma mbonyeo wa mviringo ardhini, upana wake kama sebule kubwa mbili, nyasi zimemea ndani, mawe machache yamechomoza pembeni.

"Hii ni ya Wasirikwa," akasema. "Walikuwa na ng'ombe wengi sana. Wakaenda kusini."

"Kwa nini waliondoka, kogo?"

"Nani alibaki wa kukwambia?"

Nilisimama nimeduwaa. Nyumbani kwetu kuna mashimo ya watu waliotoweka, na mimi nalipia bando kwenda kuyatafuta London.

Mashimo haya yako kwa mamia kwenye nyanda za juu za magharibi, na pale Hyrax Hill, Nakuru, unaweza kuyaona kwa kiingilio cha makumbusho. Nadharia zake zilikuwa kama zetu za usiku. Wako waliodhani ni nyumba za watu waliochimba wakaishi chini ya ardhi. Wako waliodhani waliojenga hawawezi kuwa mababu wa yeyote aliyeko sasa. Kilichotuliza ubishi ni jembe. Mwanaakiolojia John Sutton alichimba miaka ya 1960, akachapisha kazi yake mwaka 1973, na udongo ukasema jambo la kawaida kabisa: shimo lilikuwa zizi. Ng'ombe walilazwa humo usiku wasiibiwe. Mlango uko upande wa mteremko, na kando ya mlango kuna kichuguu cha matope na samadi iliyokuwa ikitolewa. Nyumba ya watu ilikuwa ubavuni, imegusana na zizi. Na watu hao hawakuyeyuka. Wengi wao walibadilika, wakaacha mashimo, wakachanganyika na walioingia, na baadhi ya damu yao iko kwa watu wanaoitwa leo Wakalenjin na pengine kwa Wamaasai pia.

Jambo hili si dogo mtaani kwetu. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na miaka minane. Nadharia ya nani alifika kwanza ilikuwa imetoka midomoni ikashika panga na kiberiti. Familia yetu ilionekana ni ya wageni, ingawa babu alizikwa hapa. Tulilala uwanja wa maonyesho wa Eldoret chini ya turubai pamoja na maelfu ya wengine. Nyanya alibeba sufuria moja na hati ya kuzaliwa ya kila mtoto, amezifunga kwenye leso kifuani. Alijua ripoti itakayoulizwa ni ipi. Aliyetufungulia lango la nyuma usiku ule tupite alikuwa jirani Mkalenjin, na hilo nalo haliko kwenye rekodi yoyote.

Kwa hiyo nikisikia kijana kwenye matatu ya Langas akisema "hii ardhi ilikuwa yetu tangu mwanzo", awe ni wa upande gani, sina hamu tena ya kubishana kuhusu mwanzo. Nauliza swali la kogo. Mwanzo upi, na nani alibaki wa kukwambia? Wasirikwa walikuwa hapa karibu tangu mwaka 1200. Na kabla yao walikuwepo wengine. Kila aliyefika aliona orodha ina jina lake tu.

Mwandishi Andrew Groen aliwahi kuandika kitabu kizima cha historia ya vita vya wachezaji wa EVE, kikatoka 2016. Aliweza kwa sababu ripoti za vifo zipo, lakini pia kwa sababu alikaa akawasikiliza walioshindwa. Wakati wa vita vya B-R5RB, Januari 2014, meli kubwa kabisa 75 ziliteketea kwa siku moja, na chanzo ni bili ambayo haikulipwa. Tarakimu zingekuonyesha majabali yanagongana. Lazima mtu akwambie kuhusu bili.

Nimemuomba nyanya aniambie ya lango la nyuma taratibu, na mimi naandika. Ameanza na sufuria. Anataka ijulikane kwamba ilikuwa ya ugali wa watu kumi, na kwamba jirani aliitambua baadaye akairudishia kifuniko.

Usiku bado nacheza. Meli sasa ni ya bei rahisi. Nikipita tundu na kukuta orodha ina jina langu peke yangu, nazima injini, najificha, nasubiri. Dakika kumi, wakati mwingine ishirini. Karibu kila mara kuna mtu.