Kodi na Fedha za Dawa

Leo katika somo letu la historia tunauliza swali moja: mtu akitumia fedha zake kwa matibabu, je, hupunguziwa kodi?

Tuanze zamani. Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3. Iliyohesabiwa ni nyumba. Kama ndani yake alilala mzima au mgonjwa, halikuwa shauri lao. Chuki ya kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba, ilikuwa sababu mojawapo ya Vita vya Maji Maji. Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge.

Mwingereza naye alitoza kodi, ya nyumba na ya kichwa. Lakini mzee au kilema asiyeweza kutafuta fedha aliweza kusamehewa. Sikilizeni vizuri hapa. Aliyesamehewa ni mwenye mwili dhaifu. Baba mwenye nguvu, aliyeuza mpunga wake Ifakara ili amtibu mtoto, alidaiwa sawasawa na jirani asiyeuguliwa. Mimi naona hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kodi ile. Ilitazama mikono ya mtu, haikutazama mzigo wake.

Sasa tuje kwenye kodi ya mapato. Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Halafu ikaja Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Inasema hivi: mwajiri akimlipia mfanyakazi matibabu au bima ya matibabu, fedha hizo hazitozwi kodi. Zinamhusu yeye, mkewe au mumewe, na watoto wasiozidi wanne, mradi mwajiri asibague wafanyakazi. Basi mtu wa kiwanda cha sukari kule Kidatu akilipiwa na mwajiri, hakatwi kodi kwa hilo. Akitoa mfukoni mwake, risiti haimsaidii. Mwenye duka dogo naye hukadiriwa kwa mauzo yake. Dawa alizonunua hazimo katika hesabu.

Marekani walichagua njia nyingine mwaka 1942. Huko mtu huweza kutoa katika hesabu ya kodi gharama ambazo bima haikumrudishia. Siku hizi huhesabiwa zile tu zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato yake.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni: mwajiri, risiti, kusamehewa. Kisha mzungumze darasani: fedha za mpunga alizotoa baba yule kwa dawa ya mtoto, je, zilikuwa bado ni mapato yake?