Mtukutu wa mwaka 1902

Darasa la tatu nilikaa dawati moja na jamaa tuliyemwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Kila asubuhi alikula viboko, na kabla ya mapumziko ameshalirudia kosa lile lile. Mwalimu akasema huyu ni sikio la kufa. Sisi tukacheka. Wiki hii nikawa napekua historia ya tiba ya watoto, nikamkuta Redio London!

Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya madaktari wenzake kuhusu watoto wenye akili zao timamu ila wanashindwa kujizuia: hasira za ghafla, ukaidi, kutotulia. Mmoja, wa miaka 6, hata mchezo ulimshinda kuufuatilia kwa muda. Na hapa ndipo niliposhtuka. Still aliona kwamba adhabu haiwaingii: mtoto anachapwa, saa chache baadaye anarudia. Alishuku chanzo kiko mwilini, maana baadhi walitoka nyumba zenye malezi mazuri tu. (Tusimpambe sana. Yeye mwenyewe aliiita kasoro ya maadili.)

Halafu ikaja bahati. Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa iitwayo Benzedrine. Alikuwa anatafuta cha kutuliza maumivu ya kichwa yaliyowapata baada ya kutolewa majimaji ya uti wa mgongo ili ubongo upigwe eksirei. Vichwa havikupona sana. Lakini 14 kati yao wakabadilika ghafla darasani, wakawa wanakaa chini na kumaliza kazi. Dawa ya kichwa ikageuka dawa ya hesabu, jamani!

Leo wataalamu wanazungumzia kazi za sehemu ya mbele ya ubongo: kujizuia, kushika ulichoagizwa, kupanga lipi lianze. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Kwa watoto wengine huchelewa zaidi, na hapo hasira na vurugu huwa jirani.

Redio aliacha shule darasa la tano. Mimi ndiye nilikuwa monita. Kwenye orodha ya wapiga kelele jina lake nililiandika la kwanza, hata siku ambazo sikumsikia.