Stakabadhi za nyumbani: Jinsi ya kuziweka tayari kabla ya dharura kubisha hodi

KANGARI, mji mdogo wa wakulima wa majani chai katika eneo la Kigumo, Kaunti ya Murang'a, umekaa kwenye mitelemko ya safu za milima ya Aberdare. Huko mvua ni nyingi na nyumba za mbao si chache. Moto waweza kuteketeza nyumba ya aina hiyo kwa muda mfupi, na sehemu za juu za kaunti hiyo zimewahi kukumbwa na maporomoko ya ardhi wakati wa masika. Familia inayokimbia kuokoa watu wake haina nafasi ya kutafuta karatasi.

Hata hivyo, dharura si moto na maporomoko pekee. Ugonjwa wa ghafla au kifo cha mtu ambaye peke yake ndiye aliyezijua siri za nyumba huacha maswali magumu. Hatimiliki ya shamba imewekwa wapi? Mkopo wa chama cha akiba umebaki kiasi gani? Malipo ya majani chai huingia katika akaunti ipi?

Mambo ya kuandikwa

Daftari moja latosha. Ukurasa wa kwanza huandikwa majina kamili ya watu wa nyumba hiyo, nambari zao za vitambulisho, magonjwa ya kudumu, dawa wanazotumia na zile zinazowadhuru. Huongezwa simu za jamaa wawili au watatu, za chifu na naibu wake, pamoja na nambari za dharura 999 na 112. Ni muhimu pia kuonyesha kama kila mmoja amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024.

Kurasa zinazofuata huwa za mali na madeni: nambari ya shamba, nambari ya mkulima katika kiwanda cha chai, benki, chama cha akiba na mikopo, bima, na watu wanaodai au kudaiwa. Deni lisiloandikwa huzua ugomvi msibani.

Nambari za siri za benki na za simu haziandikwi humo. Baadhi ya familia hutoa fedha katika simu ya marehemu kabla ya kuzikwa kwake, zikidhani ni haki yao. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mahali pa kuhifadhi

Stakabadhi halisi, yaani hatimiliki, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya mitihani, hutiwa katika bahasha ya plastiki ili zisiharibiwe na unyevu, kisha zikawekwa pamoja katika mkoba mmoja unaobebeka. Kasha zito lililofungwa kwa kufuli halifai ikiwa mwenye ufunguo hayupo.

Nakala huwekwa kwa jamaa anayeishi mbali, mathalani Thika au Nairobi, ili janga moja lisiangamize zote. Angalau watu wazima wawili wajue mkoba ulipo.

Hatimiliki ikipotea, mwenyewe hupiga ripoti kwa polisi na kula kiapo, ndipo msajili wa ardhi atangaze upotevu huo katika gazeti rasmi la serikali na kungoja muda usiopungua siku 60 kabla ya kutoa nyingine. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye hutoa kibali cha mazishi, naye huhitaji kitambulisho cha marehemu.

Wasia

Daftari si wasia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wasia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi akiwa pia mrithi, sharti wapatikane wengine wawili wasio na maslahi. Wasia wa mdomo nao hukubalika, lakini ni lazima utolewe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na kwa kawaida hupoteza nguvu ikiwa aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baadaye.

Pasipo kumbukumbu, mali yaweza kusahaulika. Chini ya sheria ya mwaka 2011, akiba ya benki ambayo haijaguswa kwa miaka mitano huhesabiwa kuwa imetelekezwa, na benki huikabidhi kwa Mamlaka ya Mali ya Fedha Isiyodaiwa (UFAA). Warithi wanaweza kuidai, ila sharti kwanza wajue kwamba ilikuwapo.

Taarifa hizo hubadilika. Mkopo hulipwa, mtoto huzaliwa, simu hubadilishwa. Kwa mkulima wa chai, msimu wa bonasi, wakati hesabu za mwaka zinapopigwa, ni wakati mwafaka wa mume na mke kuketi pamoja na kulirekebisha daftari.