Kunyoosha misuli uzeeni

Kunyoosha misuli ni zoezi la kuuvuta msuli polepole mpaka ukaze bila kuuma, kisha kuushikilia hapo kwa muda. Wazee huhimizwa sana kulifanya, ila mara nyingi zoezi hilo husifiwa kwa kazi isiyo yake.

Baada ya miaka 30 hivi, mtu hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kasi huongezeka akivuka 60. Mwaka 1989 Mmarekani Irwin Rosenberg aliipa hali hiyo jina la sarkopenia. Hutangulia kusinyaa nyuzi zinazojikunja haraka, zile zinazomwinua mtu kitini au kumwokoa anapojikwaa. Mafuta na tishu unganishi huchukua nafasi yake, nayo kolajeni, yaani protini ya tishu hizo, hukakamaa. Kuinama tu kufunga kamba za viatu huwa shughuli.

Anayejinyoosha kwa wiki chache huona viungo vyake vimelegea. Kwa sehemu kubwa hayo ni mabadiliko ya hisia: msuli wenyewe haujarefuka, bali mtu amezoea kustahimili mvuto. Ni kweli kwamba misuli ya wanyama iliyofungwa plasta ikiwa imevutwa huongeza sarkomia, yaani vipande vidogo vinavyojikunja ndani ya uzi, lakini hakuna mzee atakayekubali kufungwa hivyo.

Linalovutia zaidi ni suala la damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, panya wazee walinyooshwa kigimbi dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4. Kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, za msuli huo ziliongezeka, mishipa ikatanuka vizuri zaidi, na damu ikapita kwa wingi panya walipokimbia. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yanawapa matumaini wale wasioweza hata kutembea.

Muda nao una uzito wake. Jaribio la mwaka 2001 kwa watu wenye miaka 65 na zaidi lilionyesha kuwa, kwa misuli ya nyuma ya paja, kushikilia sekunde 60 kulifaa kuliko 15 au 30. Mwili uwe umepata joto kwanza, na pumzi isizuiwe.

Pamoja na hayo, kunyoosha hakurudishi msuli uliopotea. Kazi hiyo ni ya mazoezi ya nguvu, ambayo Shirika la Afya Duniani huwashauri wazee wayafanye angalau siku 2 kwa wiki.