Kome vamizi wa maji baridi

Kome vamizi wa maji baridi ni moluska wadogo wenye gamba la vipande viwili ambao, wakifika katika ziwa au mto usio wa asili yao, huzaana kupita kiasi na kuvuruga uvuvi, usafiri wa boti na huduma za maji. Wanaojulikana zaidi ni kome-pundamilia (Dreissena polymorpha) na kome kwaga (Dreissena rostriformis bugensis), wote wenyeji wa mabonde ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Makala hii inawaeleza hasa walivyo Marekani na Kanada, ambako madhara yao yamechunguzwa kwa kina. Kome hawa hawana uwezo wa kuhama ziwa moja kwenda jingine kwa nguvu zao; hubebwa. Kwa hiyo kuenea kwao kumefuata safari za vyombo vya binadamu, na kinga dhidi yao huanzia kwenye vyombo hivyo hivyo.

Umbile na uzazi

Kome-pundamilia aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 2 hadi 3, na ni nadra kufikia 5. Gamba lake lina pembe tatu butu, aghalabu na milia ya kahawia na manjano. Upande wake wa chini ni bapa, hivyo akiwekwa mezani husimama. Kome kwaga, aliyepewa jina la mnyama wa jamii ya pundamilia aliyetoweka Afrika Kusini katika karne ya 19, ni wa mviringo zaidi, na akiwekwa hivyo huanguka ubavu. Kwa jaribio hilo dogo mvuvi anaweza kuwatofautisha bila hadubini.

Wote wawili hujishikiza kwa nyuzi imara zinazotoka karibu na mguu wao. Kome wenyeji wa mito ya Marekani hujifukia mchangani au matopeni. Wageni hawa hushika chochote kigumu: mawe, nguzo za gati, maboya, mabomba, propela, hata magamba ya kome wenzao.

Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai milioni moja kwa msimu. Mayai hurutubishwa majini na kuwa lava wasioonekana kwa macho, ambao huelea kwa muda wa wiki mbili hadi nne hivi kabla ya kutua. Hiki ndicho kipindi kigumu zaidi kwa wanaojaribu kuwazuia, kwa kuwa maji kidogo yaliyobaki ngamani mwa boti yanaweza kuwa na lava, na mwenye boti akiyatazama haoni ila maji safi.

Asili na kuenea

Kome-pundamilia alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Peter Simon Pallas mwaka 1771, katika safari zake za utafiti nchini Urusi. Mifereji iliyochimbwa kuunganisha mito ya mashariki na magharibi ya Ulaya ilimfungulia njia, na kufikia miaka ya 1820 alikuwa ameonekana katika bandari ya London.

Mwaka 1988 aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Inaaminika alifika ndani ya maji ya farumi, yaani maji ambayo meli hujaza matangini ili itulie inaposafiri bila shehena ya kutosha. Meli inapofika bandarini kupakia mzigo huyamwaga maji hayo, pamoja na viumbe vilivyomo. Kufikia 1990 kome hao walikuwa wameonekana katika Maziwa Makuu yote matano ya Amerika ya Kaskazini, na katika miaka michache iliyofuata walishuka na matishari kwenye Mto Mississippi hadi New Orleans. Kome kwaga alionekana katika Ziwa Erie mwaka 1989, akatambuliwa kuwa aina tofauti mwaka 1991.

Januari 2007 kome kwaga walipatikana katika Ziwa Mead, nyuma ya Bwawa la Hoover, upande wa magharibi ya mbali. Hakuna mto unaounganisha ziwa hilo na Maziwa Makuu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba walipita barabarani, katika boti iliyovutwa kwa trela. Njia nyingine ilibainika mwaka 2021, pale mipira ya mwani inayouzwa kama pambo la matangi ya samaki wa nyumbani, iliyoagizwa kutoka Ukraine, ilipokutwa na kome-pundamilia katika maduka ya majimbo mengi.

Athari kwa samaki na uvuvi

Kome mmoja huchuja takriban lita moja ya maji kwa siku. Wakiwa maelfu kwa kila mita ya mraba, sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupitia miilini mwao. Wanachokichuja ni mwani mdogo unaoelea, ambao ndio msingi wa riziki yote ya ziwani: huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na samaki wadogo, na wadogo huliwa na wakubwa.

Kome kwaga huvumilia baridi na huishi hata kwenye kina kinachozidi mita 100. Walipoenea katika Ziwa Michigan na Ziwa Huron, ongezeko la mwani la kila majira ya kuchipua lilififia. Vikamba vya jenasi Diporeia, vilivyokuwa chakula kikuu cha samaki-weupe (Coregonus clupeaformis), vilitoweka karibu kabisa katika maeneo mapana, na samaki-weupe wakakonda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki wadogo wa jamii ya heringi waliporomoka katika Ziwa Huron, kwa kubanwa na uhaba wa chakula huku wakiwindwa na samoni. Samoni nao wakapungua, na miji midogo ya pwani iliyoishi kwa wavuvi wa burudani ikapoteza wageni wake.

Maji yaliyochujwa huwa maangavu, na wengi hudhani ziwa limekuwa safi zaidi. Kinyume chake, mwanga hufika chini na kuotesha mwani wa nyuzi unaong'oka na kuoza ufukweni. Mwani unapooza humaliza oksijeni na kuwapa nafasi bakteria watoao sumu ya botulini. Vifo vya ndege wa majini kwa sumu hiyo vimehusishwa na mnyororo huu. Pia kome hutema baadhi ya mwani wenye sumu na kula aina zinazoshindana nao, hivyo mwani hatari hubaki.

Kome wenyeji ndio walioumia kwanza. Wageni hujibandika juu yao kwa wingi hadi wenyeji hao hushindwa kufungua magamba, kula na kusogea. Katika Ziwa St. Clair karibu wote walitoweka ndani ya miaka michache.

Athari kwa boti na miundombinu

Kome wakiota chini ya boti huongeza uzito na msuguano, na injini hutumia mafuta mengi zaidi. Wakiziba tundu la kuingizia maji ya kupoza injini, injini hupata joto kupita kiasi na huweza kuharibika ziwani. Maboya huzama kwa uzito wao, na magamba makali hukata nyayo za waogeleaji. Mwaka 1989 mji wa Monroe, Michigan, ulikosa maji kwa siku kadhaa baada ya bomba la kuvutia maji kutoka Ziwa Erie kuzibwa. Vituo vya umeme na mitambo ya maji sasa hubeba gharama ya kudumu ya kusafisha mabomba na kuyatia dawa.

Udhibiti

Ndani ya mabomba, kome huuawa kwa klorini au joto. Ziwani hali ni tofauti, kwani dawa inayowaua huweza kuua viumbe wengine pia. Mafanikio ya kuwaondoa kabisa yamepatikana katika maji madogo yaliyofungika, kama Millbrook Quarry huko Virginia, shimo la machimbo lililojaa maji lenye ukubwa wa ekari 12 hivi, lililotiwa kloridi ya potasiamu mwaka 2006. Septemba 2023 lava wa kome kwaga walipatikana katika Mto Snake karibu na Twin Falls, Idaho. Jimbo lilitia dawa ya shaba kwenye sehemu ya mto na samaki wengi wakafa. Mwaka uliofuata lava wakaonekana tena, na mto ukatiwa dawa mara ya pili.

Kinga

Tangu 1993 meli zinazoingia Maziwa Makuu zikiwa na maji ya farumi zililazimika kwanza kuyabadilisha baharini, na mkataba wa kimataifa wa maji hayo ulianza kutumika Septemba 2017. Kwa boti ndogo kanuni ina maneno matatu: safisha, mwaga, kausha. Mkaguzi hutazama propela, trela, nanga na kamba, hufungua vizibo ili ngama na tangi la chambo viishiwe maji, kisha hupitisha kiganja chini ya boti. Kome waliotua karibuni ni wadogo mno kuonekana vizuri, lakini hukwaruza kiganja kama msasa. Boti yenye dalili huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kukausha kunahitaji subira, kwani penye baridi na unyevu kome wakubwa huweza kuishi nje ya maji kwa siku nyingi.

Tishio linaendelea kubadilika. Oktoba 2024 kome wa dhahabu (Limnoperna fortunei), mwenyeji wa Asia aliyekwisha kuenea Amerika ya Kusini, alipatikana katika bandari ya Stockton, California, kwa mara ya kwanza katika Amerika ya Kaskazini. Baadhi ya mabwawa ya jimbo hilo yakaanza kudai boti zikae siku 30 bila kuguswa na maji kabla ya kuruhusiwa kuingia. Masharti hayo huwakera wavuvi, na kero yao inaeleweka. Hata hivyo ziwa kubwa likishapata kome hakuna njia inayojulikana ya kulirudisha lilivyokuwa, na hasara huwafikia wote wanaolitegemea pamoja na wale walioko chini ya mkondo, wakiwemo wasiomiliki boti hata moja. Kwa hiyo kuosha boti ni wajibu wa mvuvi kwa jirani yake kabla haujawa sharti la sheria.